Mlinda magari aliyempeleka bintiye kula na kiboko

Saa tatu kasorobo, Jumamosi asubuhi. Baridi ya Mei imeshaanza kuuma Johannesburg, na Gustave Kashindi amesimama kwenye maegesho ya jengo moja la maduka, kaskazini mwa jiji. Amevaa kizibao cha njano kinachong'aa, na glavu mkono mmoja tu kwa sababu ya pili hajui ilikopotelea. Analiita gari la kijivu kwa vidole: njoo, njoo, njoo, basi.

Milango inafunguka. Anashuka msichana mwenye taji la plastiki, kisha mdogo wake wa kiume aliyevaa mabawa ya karatasi, kisha mama yao. Mama anatazama bango lililobandikwa ukutani. Kuna picha ya kiboko wa manyoya ya zambarau, tai ya kipepeo shingoni, mbele ya mlima wa chapati za maji. Anaitwa Mista Lolo: mtu aliyevaa vazi la kiboko. Kila Jumamosi asubuhi, ghorofa ya juu, watoto hulipiwa kwenda kula naye.

Mama anamgeukia Gustave. "Wewe uko hapa kila wiki," anamwambia kwa Kiingereza. "Niambie ukweli, baba. Inastahili bei yake?"

Gustave anacheka mpaka mvuke unamtoka mdomoni. Huyu mama hajui amemuuliza nani. Swali hilo hilo lilimnyima raha mwaka mzima, likampa ubishi na mkewe, na likawachelewesha kununua mashine ya kushonea.

Gustave ana miaka arobaini na mmoja. Ni mzaliwa wa Uvira, mashariki mwa Kongo, alikokuwa kinyozi. Alifika Afrika Kusini mwaka 2009. Amelinda magari sehemu nyingi za jiji hili, na hapa ana miaka minne. Hana mshahara. Anaishi kwa sarafu ambazo wenye magari humwekea kiganjani wakiondoka. Siku nzuri humpa randi mia mbili, siku mbaya themanini, na kabla ya sarafu ya kwanza huwa ameshalipa arobaini kwa wanaosimamia maegesho.

"Lakini sinung'uniki," anasema. "Mungu ananilisha. Na watu wa hapa, wengine wananijua kwa jina. Kuna bibi mmoja Krismasi ananileteaka keki. Aksanti, nasema tu aksanti."

Mkewe, Léocadie, ni fundi cherehani. Ana kibanda chembamba mtaa wa Malvern, kando ya barabara ya Jules, kati ya muuza simu na msusi. Wana mtoto mmoja, Benita, anayetimiza miaka tisa mwezi ujao. Benita amezaliwa hapa. Baba na mama wakimsemesha Kiswahili anaelewa kila neno, ila majibu yake ni Kiingereza, na akikasirika ni Kizulu.

Mista Lolo aliingia katika nyumba hiyo kwa mlango wa nyuma. Siku moja Gustave aliokota tangazo lililoangushwa na mteja, akampelekea mtoto kwa ajili ya picha tu. Benita akalibandika ukutani, juu ya godoro lake, na tangu hapo hakuna aliyelala bila kumwambia kiboko usiku mwema.

Juni 2017 Benita akaugua nimonia. Alilazwa katika hospitali ya serikali, kifua kinapanda na kushuka kama cha ndege aliyenaswa. Wazazi wakashikana mikono kando ya kitanda, wakafumba macho, na Gustave akaomba kwa sauti. Katikati ya maombi, bila kupanga, akasema: Bwana, ukimwinua huyu mtoto, nitampeleka akale na Mista Lolo.

"Mimi nikasema Amina," anasimulia Léocadie, sindano mdomoni, akipima kiuno cha mteja kibandani kwake. "Nilikuwa nalia, macho yamefungwa. Sikujua kama ameweka kiboko ndani ya maombi!"

Mtoto akapona. Manesi wa wodi ile, Gustave bado anawaombea mmoja mmoja, hata wale ambao majina yao hakuyajua. Lakini ahadi ikabaki, na ahadi ilikuwa na bei: randi mia tatu tisini na tano kwa mtoto, mia mbili tisini na tano kwa mtu mzima wa kumsindikiza. Karibu mia saba kwa asubuhi moja.

Fedha hiyo walikuwa nayo. Ilikuwa kwenye kopo la maziwa ya unga, akiba ya kununulia mashine ya ovaloki, ile inayofunga pindo nyuzi zisitoke. Bila ovaloki, Léocadie hulazimika kupeleka sare za shule kwa fundi mwingine amalizie, na nusu ya faida inabaki huko.

"Papa Benita," alimwambia mumewe, "Mungu aliponyesha mutoto bure. Hakuomba chapati."

"Mi niliahidi, Mama Benita."

"Uliahidi Mungu ao uliahidi kiboko?"

Basi Gustave akafanya kile ambacho mlinda magari anaweza kufanya kuliko mtu yeyote: akaangalia. Mgahawa wenyewe hakuwahi kuukanyaga, ila kila familia iliyokwenda kwa Mista Lolo ilipita mikononi mwake mara mbili, ikienda na ikirudi. Jumamosi baada ya Jumamosi akawa anasoma nyuso. Na wale waliokuwa na muda, aliwauliza.

Majibu yalimchanganya zaidi. Baba mmoja alisema mayai yalikuwa ya baridi na simu yake ilikosa mtandao. Bibi mmoja alisema mjukuu wake, mtoto mkimya sana, aliongea kutoka mezani hadi kwenye gari bila kupumua. Kuna mtoto aliyerudi akilia kwa sababu foleni ya picha ilifungwa zamu yake ilipokaribia. Mwingine alitapika keki ya pinki karibu na gurudumu, akajifuta, akaomba arudishwe juu. Kijana mmoja mwenye suti alimpiga Gustave begani: "Eish, mzee, mpeleke bustanini. Bata ni bure."

"Nikarudi nyumbani nikamwambia mama yake, bado sijajua," anasema Gustave. "Wengine wanashuka na furaha, wengine wanashuka wako wanapigana. Bei ni ile ile!"

Kilichokata ubishi si utafiti wake. Ni Léocadie. Siku moja Agosti mwaka jana alimkuta Benita amesimama mbele ya lile tangazo, kona zake zimeshakunjika, anamweleza kiboko kwa Kiingereza kwamba asijali, baba yake ana kazi nyingi. Hakumlaumu mtu. Alikuwa anamtetea baba.

Léocadie akatoa kopo mwenyewe, akaliweka mezani. "Amina ni Amina," akasema. "Mupeleke. Mashine itangoja. Mimi Jumamosi niko na wateja, na feza ya hapo ndani haitutoshi sisi watatu." Kisha akakata kitambaa cha njano, akamshonea binti yake gauni, pindo zote kwa mkono.

Jumamosi ya kwanza ya Septemba 2018, Gustave alimwachia mwenzake, Parfait, mstari wake wa magari. Alivaa suti ya kanisani. Wateja aliowalindia magari kwa miaka walipishana naye kwenye ngazi wasimtambue. Hilo halikumuuma, anasema, lilimchekesha. Kilichomtoa jasho ni kopo aliloliacha nyumbani, tupu.

Juu kulikuwa na maputo, muziki, na meza zilizofunikwa vitambaa vyeupe. Wakapewa meza ya pembeni. Zikaja chapati za maji, soseji, matunda yaliyokatwa nyota, juisi katika glasi ndefu. Benita akaweka mikono mapajani. Hakugusa kitu. Baba akapiga hesabu: mia saba hizo, na mtoto hali.

Ndipo Mista Lolo akafika, mkubwa kama kabati, akipunga mkono. Mpiga picha akainua kamera. Benita akasimama. Badala ya kumkumbatia kiboko, akaenda upande wa pili wa meza, akavuta kiti kilichokuwa wazi, akakipangusa kwa kiganja.

"Karibu," akasema. "Keti. Tule."

Kwa Kiswahili. Mtoto ambaye wamembembeleza miaka yote aseme hata "shikamoo" ikamshinda, siku hiyo maneno yalimtoka yenyewe, kwa sababu kwao mgeni hukaribishwa kwa lugha hiyo na hajawahi kusikia akikaribishwa kwa nyingine.

Kiboko akatikisa kichwa, akapiga tumbo lake: nimeshiba. Pangekuwa mahali pengine mambo yangeishia hapo. Lakini Benita amelelewa katika nyumba ambayo mgeni lazima akatae kwanza, na mwenye nyumba lazima amshikilie. Akachukua sahani, akaweka soseji mbili na chapati kubwa kuliko zote, akaisogeza mbele ya kiti. "Hapana, karibu. Kidogo tu."

Mhudumu akaja kwa tabasamu, akaeleza kwamba Mista Lolo haruhusiwi kula akiwa kazini, wala kuongea.

"Then when does he eat?" Benita akauliza. Basi yeye hula saa ngapi?

Nyuma yao watoto wakaanza kulalamika, baba mmoja akatazama saa. Gustave aliyajua maisha ya kuambiwa sogea. Akaanza kuinuka auombe ukumbi mzima radhi kwa niaba ya mtoto, na akaona dhahiri jinsi watakavyotolewa nje, na jinsi atakavyomweleza Mama Benita habari za ovaloki.

Mista Lolo akakaa.

Kiti kikalia, lakini kikahimili. Kiboko akaweka mikono yake minene juu ya kitambaa cheupe, akatulia. Na Benita, kwa kuwa sasa mgeni ameketi, akaomba sala fupi kama wanavyofanya kwao, akaanza kula. Alikula kila kitu. Alimaliza hata zile nyota za tikitimaji. Mpiga picha alipiga picha ya kiboko na msichana wa gauni la njano wamekaa mezani kama watu waliofahamiana zamani, na kabla hawajaondoka meza tatu nyingine zilikuwa zimeshamvutia Mista Lolo viti.

Sahani ya mgeni haikuguswa. Benita akaomba ifungwe kwenye boksi, iandikwe jina la mwenyewe.

Alasiri Gustave alikuwa amesharudi kwenye kizibao, siku isipotee yote. Benita alikaa ukingoni mwa maegesho na boksi lake, akisubiri. Alikuwa na hakika kiboko atatoka kazini kama watu wengine.

Akatoka dada mmoja kwa ngazi za wafanyakazi, kitambaa kichwani, uso umelowa jasho. Akaangaza huku na huku mpaka akaona gauni la njano. Akamwendea Benita, akachuchumaa.

"Mista Lolo amenituma chakula chake," akamwambia kwa Kiingereza.

Benita akamkabidhi boksi kwa mikono miwili.

Jina lake Refilwe, wa mtaa wa Alexandra, na amevaa manyoya hayo kwa miaka miwili. Alimvuta Gustave pembeni ya gari moja kuzungumza naye. "Wamenivuta mkia," alimwambia. "Wamenipiga ngumi ya tumbo waone kama nina mfupa. Wengi wananipenda, siwalaumu, ni watoto. Lakini hakuna aliyewahi kuniambia nikae. Ndani mle kuna joto, baba. Miguu inauma."

Aliulizwa alijuaje maana ya maneno ya mtoto, naye Kiswahili hakijui. Alicheka. "Mtu akikuvutia kiti unaelewa."

Alikula hapo hapo, amesimama nyuma ya nguzo Benita asione, mpaka Parfait akamletea ndoo ya plastiki aigeuze aikalie.

Basi, ilistahili? Gustave anasema alikwenda kulipa deni la maombi, akarudi amepewa kitu ambacho hakujua anacho. "Niko nalinda magari ya watu, mama yake anashona nguo za watu. Tulikuwa tunaogopa, huyu mutoto nani anamukomalisha? Televisheni? Barabara? Kumbe alikuwa anatuangalia sisi. Nilimushukuru Mungu palepale, na suti yangu, mbele ya wazungu wote."

Léocadie, ambaye hakuonja hata juisi, anasema mumewe anapenda kuhubiri. Lakini picha ile ameitundika kibandani, juu ya cherehani, na kila mteja lazima aelezwe. Ovaloki bado. Kopo limefika zaidi ya nusu, na anatumaini kabla sare za Januari hazijaanza kushonwa mashine itakuwa imeingia. "Ilingoja mwaka," anasema. "Haina miguu, haitakimbia."

Kwenye maegesho, mama wa gari la kijivu bado anasubiri jibu, watoto wanamvuta sketi.

"Chakula ni cha kawaida, mama," Gustave anamwambia. "Lakini mwambie mtoto wako amvutie kiti."

Mama anakunja uso kama asiyeelewa vizuri. Kisha wanaondoka, msichana wa taji akitangulia. Gustave anageukia gari linalofuata.

Mwezi ujao Benita anatimiza miaka tisa, na ameshasema hataki kurudi ghorofani. Anataka Mista Lolo aje kwao Malvern, kwa sababu mgeni uliyemkaribisha mara moja hujamkaribisha bado. Refilwe ameeleza kwamba kiboko haruhusiwi kutoka nje ya jengo, lakini dada yake kiboko, yaani yeye mwenyewe, anaweza kupanda taksi Jumapili, baada ya kanisa. Nyumba ina viti vitatu. Parfait ameahidi kuleta cha nne.

Gustave anauliza kama dada wa watu atauweza ugali na samaki wa kwao. Léocadie anakata uzi kwa meno, hainui hata kichwa.

"Aje tu," anasema. "Na aje na njaa."