Vipimo vya Korongo

Fundi wetu wa nguo hapimi kwa tepu. Mteja akisimama mlangoni, humtazama mara moja tu, amebana pini midomoni, kisha hunong'ona vipimo nami naandika. Tangu aniajiri kutia vifungo, hajakosea hata inchi. Tepu anayo, imeviringishwa ndani ya kopo, imejaa vumbi. Hata wapita njia huwapima kwa macho. "Huyo bega limelala," husema, huku mkono wa kushoto ukilaza kitambaa kama anayebembeleza mtoto mwenye homa.

Jana asubuhi korongo alitua kwenye ukingo wa dirisha letu, ghorofa ya tatu, katikati ya viyoyozi. Hapa mjini sijapata kumwona hata mmoja. Akasimama kwa mguu mmoja, akatuchungulia. Fundi akatema pini zote kiganjani, jambo asilolifanya mpaka jioni. "Bega kumi na tano," akanong'ona. "Kiuno thelathini na moja. Bega la kushoto limeshuka nusu inchi." Nikacheka. "Fundi, na ndege naye anashonewa?" Hakucheka. "Nasema ninachokiona, dada." Kalamu ikaniganda mkononi. Vile vilikuwa vipimo vyangu, mpaka ile nusu inchi. Korongo akageuza shingo, akaruka, akaenda zake. Nikamwambia fundi, kwa mzaha tu, anitazame na mimi. Akanitazama. Akapangusa macho kwa shati, akanitazama tena. Kisha akaitoa ile tepu kwenye kopo, akaipuliza vumbi. "Sogea hapa, dada," akasema. "Vipimo vyako macho yangu hayavioni tena."