Mgeni wa Basi la Savannakhet

Mwaka wa pili wa masomo yake mjini Hue, nchini Vietnam, Sengdao alijizoesha kwenda stendi ya mabasi kila Jumapili, ilhali hakuwa na safari. Alikwenda kusikiliza watu. Basi la Savannakhet lilifika pale kutoka Laos, na abiria walioteremka, huku wakinyoosha miguu na kutafuta mizigo, walizozana na kutaniana kwa Kilao, lugha ya kwao. Sengdao aliagiza chai, akakaa kwenye benchi na kujifanya anasubiri mtu. Wakishatawanyika wote, alipanda baiskeli yake akarudi ndani ya kuta za ngome ya kale, alikopanga chumba.

Alikuwa binti wa Sepon, mji mdogo ng'ambo ya mpaka, na alikuja kusomea misitu. Walao wengine darasani kwake walikuwa vijana wawili wa Vientiane, wenye pikipiki zao na mambo yao. Wenyeji hawakuwa wabaya. Walimsaidia masomo, wakamuuliza kama ni kweli kwao kuna tembo, kisha kila mmoja akaenda kula kwa mama yake. Mwenye nyumba, Bibi Diem, mjane mwenye midomo myekundu kwa tambuu, alikuwa na neno moja tu kwake: afunge geti. Na mvua ya Hue ikishaanza haina haraka ya kuacha. Nguo zilivunda kwenye kamba, vitabu vikaota ukungu, na kuna siku Sengdao alirudi chumbani akatambua kwamba tangu asubuhi alikuwa amefungua kinywa mara moja tu, alipoitika jina lake darasani.

Jumapili moja ya mvua hiyo, dereva Khampheng, ambaye alikwishamzoea pale kwenye benchi, alimjia akimshika mkono mwanamke mzee aliyevaa sketi ndefu ya kufumwa na kukumbatia kikapu cha wali wa kunata.

"Dada, wewe si Mlao mwenzetu? Bibi huyu kaja kutolewa mtoto wa jicho. Mpwa wake aliyekuwa anamsindikiza karudishwa mpakani, pasi yake imekwisha muda. Nami nageuza gari."

Yule mzee aligeuza uso kuelekea alikodhani Sengdao yupo, akamsalimu, na baada ya kusikia itikio lake akatabasamu.

"Sauti ya Sepon hiyo. Basi nimefika nyumbani, mjukuu wangu. Choo kiko wapi?"

Jina lake lilikuwa Boualy. Kwa kuwa hospitali ingemwona Jumatatu, Sengdao hakuwa na la kufanya ila kumpeleka chumbani kwake. Getini walimkuta Bibi Diem, mikono kiunoni. Alikumbusha kwamba wageni wa kulala hawaruhusiwi. Sengdao alianza kueleza, maneno yakamwishia njiani, matone ya mvua yakimtiririka puani. Bibi Diem aliitazama miguu ya mgeni, iliyolowa na kujikunja kwa baridi.

"Avue viatu basi," alisema, akaingia ndani.

Hospitalini Sengdao aliona cha moto. Kivietinamu chake alifundishwa na mwalimu wa Hanoi, na watu wa Hue wana cha kwao. Muuguzi alimuuliza jambo haraka haraka, na katika swali zima Sengdao alidaka neno moja, lile ambalo mwalimu wake alimwambia maana yake ni jino. Akamgeukia Bibi Boualy na kumwambia anaulizwa habari za meno.

"Meno?" Bibi alishangaa. "Waambie yalishang'oka zamani, wala siyadai. Nimekuja kwa ajili ya macho."

Muuguzi alipotafsiriwa jibu hilo, alicheka hadi akaegemea ukuta. Kumbe kwa watu wa Hue neno lile ndilo la kuulizia "kwa nini". Alitaka tu kujua kwa nini mgonjwa hakuja na jamaa yake. Sengdao naye alicheka, na kicheko chenyewe kikamshtua, kwa jinsi kilivyotoka kwa nguvu.

Jicho moja lilipasuliwa siku hiyo hiyo, wakaruhusiwa kurudi likiwa limefunikwa bandeji. Kesho yake Sengdao alihudhuria darasa roho ikiwa juu, akimfikiria mgonjwa aliyeachwa peke yake asiyejua hata kuomba maji. Aliaga mapema, akapitia uji wa wali kwa mama mmoja wa barabarani, akaendesha baiskeli mvuani kwa mkono mmoja. Alipofungua mlango aliwakuta wazee wawili wameketi mkekani, sinia la tambuu katikati yao. Bibi Diem alikuwa akipaka chokaa kwenye jani, Bibi Boualy akiongea Kilao mfululizo, na mwenzake akiitikia kwa Kivietinamu. Hakuna aliyemwelewa mwenziwe, na hakuna aliyejali. Sengdao aliweka uji chini. Walimkaribisha, wakaendelea. Alikaa ukingoni mwa kitanda chake akiwatazama, na moyo ukamwuma kidogo, maana hakuhitajika.

Bandeji ilipotolewa, Bibi Boualy alipepesa jicho kwa muda mrefu. Alimtazama daktari, akalitazama dirisha. Kisha alimshika Sengdao kidevu, akamgeuza uso kwenye mwanga.

"Kumbe u mtoto mdogo hivi," alisema polepole. "Siku zote hizi nilidhani niko na mwanamke wa makamo. Unaongea kama mtu aliyechoka. Una nini, mjukuu wangu?"

Sengdao alisema ni masomo tu. Bibi hakumbishia, ila kidevu hakukiachia upesi.

Jumapili Khampheng alimpakia bibi kiti cha mbele. Pale stendi walilia kidogo wote wawili, bibi akionywa asifikiche jicho, na basi likaondoka. Safari hii Sengdao hakukaa kwenye benchi. Chumbani alikunja mkeka, akafagia vipande vya popoo, akampigia simu mama yake kama kawaida. Mama aliuliza habari, naye akaanza kusema nzuri, akakwama.

"Mama, huku nina upweke sana."

Kwa mbali, upande wa Sepon, kuku walikuwa wakilia.

"Najua," mama yake alisema. "Nilikuwa nangoja uniambie. Haya, jana ulikula nini?"

Sengdao alikaa sakafuni, akaegemea kitanda, na huku mvua ikiendelea kupiga bati la jirani akaanza kumsimulia, chakula kwa chakula.