Malkia Aliyesimuliwa Mchana

Nilikuwa nimeshavaa viatu, mkoba begani, nakwenda sokoni, binti yangu aliponiita kutoka sebuleni. "Mama, kuja! Musimu mupya umetoka! Kipande cha kwanza!" Alikuwa ameiegemeza simu kwenye chupa ya chai. Nje kulikuwa kweupe, adhuhuri ya mtaa wetu wa Musaga hapa Bujumbura, jua la kupasua bati. Kwenye kioo kile kidogo nikaona mlima, ukungu, na mnyama mwenye mabawa akizunguka juu ya ngome. Mwili ukanisisimka wote. Nikamwambia azime. Alinikodolea macho, maana mimi ndiye niliyemzoesha hiyo michezo ya kuigiza ya wafalme na majoka, na tulikuwa tumeisubiri siku hii miezi mingi kama watu wanaosubiri harusi. Nikasema tena, azime, tutatazama jioni. Na sauti iliyonitoka, ndugu yangu, haikuwa ya mama mtu mzima anayejilipia intaneti yake. Ilikuwa ya mtoto wa Cibitoke aliyesimama mlangoni akitazama barabara.

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kaa nikueleze nyoka wangu.

Tuliishi Cibitoke, mtaa mwingine wa Bujumbura, watatu: bibi, mama na mimi. Upande mmoja wa ua alikuwapo fundi wa milango ya chuma, na kelele za msumeno wake ndizo zilizotuamsha na kutulaza. Upande wa pili alikuwapo jirani mwenye duka, mjane ambaye babu zake walitoka Omani zamani sana, lakini yeye alikuwa mtu wa Bujumbura kama sisi, mwenye ulimi mwepesi na mkono mzito wa kupima sukari. Mama alikuwa mchuuzi wa vitenge. Mara mbili au tatu kwa wiki alivuka mpaka kwenda Uvira, upande wa Kongo, akitoka baada ya sala ya alfajiri na kurudi kabla ya magharibi. Nilimtambua kwa kikohozi chake kidogo langoni, kikohozi cha mtu anayetaka apokewe mzigo.

Kazi yangu na bibi ilikuwa sombe. Tulitwanga majani ya muhogo mchana, yeye na mchi mkubwa, mimi na wangu mdogo, halafu yakachemka taratibu na mawese na ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, mpaka harufu ikaingia kwenye nguo. Nikichoka nilimwomba anitolee hadithi, na kila mara alinikatalia. Bibi alikuwa na hazina ya hadithi, lakini aliifungua jua likishazama tu. "Hadithi ya mchana inapoteza mama njiani," alisema. Alisema hadithi ikitolewa juani haina pa kulala, basi inashika barabara, inatangatanga, na ikimkuta mama wa mtoto aliyeisikiliza inamvuruga nyayo. Wenzangu walikuwa na mama wa nyumbani, wao walicheka. Mimi mama yangu alikuwa wa barabarani. Niliziba masikio mwalimu alipotusomea kisa cha sungura saa nne asubuhi.

Sasa, jirani mwenye duka alikuwa na televisheni na sahani ya kunasa picha juu ya bati, ya pekee katika ua wetu. Ndipo ulipoingia ule mchezo. Ulikuwa wa nchi isiyokuwapo, yenye falme zinazogombana, na juu yake lile joka la mabawa lililolala ndani ya ukungu wa bonde. Ulionyeshwa usiku baada ya isha, kwa hiyo haukuwa na neno. Maneno yake yalikuwa ya Kifaransa, na bibi Kifaransa alikijua cha kusalimia tu, basi jirani, aliyekuwa amesoma, alitutafsiria. Alitafsiri na kuongeza chumvi. Mfalme akisema maneno mawili, jirani alisema kumi, akapiga na makofi.

Bibi alimpenda malkia wa mchezo ule kupita kiasi. Alimwita "mutoto wangu." Alimkemea akimwamini waziri mwongo, na nina hakika alimtia hata katika dua zake. Msimu ukaisha malkia amesimama kwenye daraja la kamba, ukungu mbele na nyuma, anamrudia mwanawe mdogo aliyemwacha ng'ambo akimwambia, ningoje hapa, narudi. Akapiga hatua moja, kioo kikawa cheusi. Bibi aliinuka kwenye mkeka akiwa amekasirika kweli. "Wanatuacha hivi? Mutu anakata hadithi katikati? Hawa hawakulelewa!" Miezi yote iliyofuata, tukiwa tunatwanga, alisita ghafla mchi hewani na kuuliza, "Sasa yule mutoto anakula nini kule?"

Usiku wa kipande cha kwanza cha msimu mpya ulipofika, tulikoga mapema. Bibi alijifunga kitenge chake cha Iddi. Jirani alikaanga mandazi, muziki wa mwanzo ukaanza, na umeme ukakatika. Wakati ule mitaa ilipokezana giza, na zamu ilikuwa yetu. Tulikaa tukisikilizana pumzi. Kisha jirani akasema polepole kwamba kipande kitarudiwa kesho, ila saa nane mchana.

Wote tulimtazama bibi, ingawa gizani hatukumwona. Akatoa hukumu kama kadhi. "Ile si hadithi. Hadithi inatoka mu kinywa cha mutu. Ile iko picha. Picha haina mchana, haina usiku." Jirani alicheka kwa furaha. Mama, aliyekuwa akifunga mzigo wake wa kesho kwa kupapasa, alicheka pia. "Mama, leo umejipatia fatwa," alimwambia. Mimi sikucheka. Niliamini hukumu ya bibi kwa sababu nilitaka kuiamini, lakini nilisogea nikaketi karibu na mzigo wa mama.

Kesho yake mama alikwenda Uvira. Milimani kulikuwa kumenyesha usiku kucha, lakini kwetu jua lilikuwa kali. Saa nane tukaingia kwa jirani, mlango wazi kwa ajili ya hewa, mwanga umejaa sakafuni. Niliketi nikiona kwa jicho moja kioo na kwa jicho jingine barabara nyeupe ya nje.

Malkia alitembea. Mbao za daraja zililia chini yake. Ukungu ukatikisika, na kwanza tukaona jicho tu, la manjano, kubwa kuliko mlango wa duka. Bibi alinishika mkono. Joka likapanda kutoka bondeni, kamba ikakatika upande mmoja, daraja likaning'inia mpaka kwenye mto ulio chini, na mtoto kule ng'ambo akaanza kupiga kelele. Jirani, macho hayabanduki, alitafsiri kwa sauti ya kilio: "Anaita mama! Mama! Lakini mama hasikii! Maji inamumeza!" Sikutaka kutazama tena, nikatazama mlango, na kule nje jua lilikuwa likiwaka vilevile, kuku wanachakura, na hilo liliniogopesha kuliko joka. Kipande kikaisha malkia hajulikani alipo.

Alasiri ikapita. Tuliendelea na sombe lakini bibi alitwanga bila mpango, mara haraka, mara amesahau. Fundi wa milango alifunga kazi na ua ukawa kimya. Saa ya mama kufika ikaja, ikatupita. Nilikwenda langoni, nikarudi, nikaenda. Kila mwanamke aliyetokea na mzigo kichwani moyo ulinipanda, na alipokuwa si yeye nilimchukia.

Halafu akapita kijana anayebeba abiria kwa baiskeli, matope mpaka kiunoni. Bibi akamuuliza atokako. "Gatumba," alisema. "Maji imetoka ku muto Rusizi, imefunika barabara. Magari yamesimama. Watu wanavuka na miguu, wengine wanaogopa mamba." Akaondoka na kengele yake. Gatumba ndiyo njia ya Uvira. Nyingine hatukuwa nayo.

Bibi alisimama palepale na mchi mkononi. Sijawahi kumwona mtu mzima akiogopa hivyo, na ukiwa mtoto, hofu ya mtu mzima ni nyumba kutikisika. Akaita, "Jirani!" Jirani akatoka dukani. Bibi akamuuliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, ile mchana ulisema na nini?"

"Kusema nini, mama?"

"Ile maneno. Malkia. Maji inamumeza. Ulisema na nini?"

Jirani akafungua mdomo kujibu, kisha akaufunika kwa kiganja. Maana ndivyo ilivyokuwa. Picha ilikuwa picha, lakini sisi hatukuielewa picha, tulimsikiliza yeye. Hadithi ilitoka katika kinywa cha mtu, saa nane, jua kichwani, na mimi mtoto wa mama wa barabarani niliisikiliza mpaka mwisho. "Mi nilikuwa natafsiri tu," alisema jirani, na machozi yakamtoka.

Adhana ya magharibi ikaita. Waliswali haraka, nami nikarukuu na kusujudu nyuma yao bila kukumbuka neno hata moja isipokuwa jina la mama. Kisha bibi akatandika mkeka barazani, akamketisha jirani upande mmoja na mimi upande mwingine. Akapunguza utambi wa taa. Giza lilikuwa ndiyo kwanza linashuka. "Tunairudisha," alisema. "Tunaisimulia mu saa yake, ipate pa kulala. Mi nitasema, nyinyi muitike."

Akaanza. Alimsimamisha malkia mwanzoni mwa daraja, tukaitikia. Akamtembeza. Lakini bibi hakusimulia kama jirani. Alimpa malkia mzigo kichwani. Alimpa kikohozi kidogo. Daraja likawa refu, ubao baada ya ubao, na joka alipolitoa bondeni alilikemea kwa Kirundi, kwa maneno ambayo siku nyingine mimi ningepigwa kwa kuyasema. Nikagundua jambo: bibi hakuthubutu kumfikisha ng'ambo. Angemfikisha, na mama asitokee, tungefanya nini? Basi akamzungusha palepale, akamfungisha nguo vizuri, akampumzisha, akamnywesha maji, akaanza tena ubao mwingine. Sauti ilimkauka. Jirani aliitikia huku akilia, mimi niliitikia huku nimeshika pindo la kitenge cha bibi kwa mikono miwili. Niliogopa anyamaze.

Kikohozi kikasikika langoni.

Hatukuinuka. Sijui kwa nini. Mama akaingia, viatu mkononi, nguo zimemgandama, mzigo wa vitenge unachuruzika maji mgongoni. Alisimama akatutazama, watu watatu gizani na taa ndogo. "Kuna nani amekufa?" aliuliza. Bibi alimalizia kwanza. "Na malkia akavuka, akamukuta mutoto wake, na hadithi ikalala." Tukaitikia. Ndipo akamgeukia mama kwa ukali: "Umechelewa. Sombe imepoa." Kisha akaangua kilio, na mama, aliyevuka maji ya Rusizi kwa miguu bila kulia, akalia naye.

Usiku ule nililala nimemshika mama kidole gumba.

Msimu ule hatukuutazama tena. Vipande vyote vilivyobaki vilionyeshwa, watu wa mtaa waliviona na kuvizungumza, sisi tuliondoka walipovitaja. Mpaka leo sijui wenye mchezo walimfanya nini malkia. Kwangu alivuka, bibi alisema.

Ua ule sasa umejengwa ghorofa. Fundi alihama, duka limekuwa la kuuza simu, jirani alikwenda kuishi kwa watoto wake na huko ndiko alikozikwa. Bibi alitangulia zamani. Na mama alifariki mwaka huu kabla ya mvua, kitandani kwake, nikiwa nimemshika kidole kilekile. Mtu aliyevuka mpaka maisha yake yote hakufia njiani. Alhamdulillahi, nasema hivyo kila siku, na kila siku namkosa. Jioni masikio yangu bado yanasikiliza lango.

Haya yote nilimsimulia binti yangu leo, nimesimama na viatu vyangu, simu imezimwa kati yetu. Nilifikiri atacheka. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Sasa nani iko njiani?"

Nikafikiri. Hilo ndilo lililokuwa likinisumbua tangu aliponiita, bila mwenyewe kulijua. "Hakuna mutu," nikamwambia. "Nilikuwa na mama mumoja tu, naye amefika. Tunaweza kutazama hata sasa." Nikajilazimisha kutabasamu. "Washa. Tazama, mi niende sokoni, utanieleza nikirudi."

Hakuwasha. Aliutazama mkoba wangu, akatazama mlango, na mwanga mkali wa barabara nyuma yake. Nikaiona ile hofu ikimpanda usoni taratibu, hofu yangu mwenyewe, naijua kama ninavyoujua uso wangu. Kumbe mchana wote huo nilikuwa nimemsimulia hadithi, nami ndiye mama.

Aliinuka. Akafunga mlango, akavuta pazia mpaka sebule ikawa giza. Kisha akapiga magoti mbele yangu, akanivua kiatu kimoja, akanivua cha pili, akavikumbatia kifuani na kukaa navyo.