Vikwembe Viwili vya Tarehe Nane

Taabu yangu ilianza mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na mumoja. Papa alikufa kwa tumbo, wiki mbili tu, na mwalimu wa mwaka wa tatu akanirudisha nyumbani kwa sababu hakukuwa tena mutu wa kulipa. Nilifunga kamba kwenye paji la uso, nikabeba muzigo kama mama yangu: mihogo, makaa, muchanga wa wajenzi, kutoka kando ya ziwa mpaka juu, mutaa wa Kadutu. Nilibeba miaka ishirini na sita. Wale wanaopenda kuuliza nimesoma wapi, jibu ni hilo.

Mwaka 2000 lopitali moja ya muji ilitafuta mufagizi. Jina lake ninaliacha, maana bado ninakula huko. Walinipeleka neonato, chumba cha watoto waliozaliwa mbele ya siku zao kutimia. Siku ya kwanza niliingia na ndoo yangu, nikaona ndani ya sanduku la kioo kitu chekundu, kirefu kama mukono wangu kutoka kiganja mpaka kiwiko.

"Hiki kinaponaka?" nikauliza.

Muuguzi aliyekuwa pale akacheka. "Kinaponaka, maman. Baadaye kinaoaka hata muke."

Nilisimama na ndoo mpaka maji yakapoa. Tangu siku ile nilitaka kazi ya yule muuguzi, na sijui mpaka leo ni kitu gani kilinishika. Mimi nilizaa sita, nikazika wawili, watoto siyo kitu kigeni kwangu. Lakini nilitaka.

Mwaka wa pili wauguzi walikuwa wachache. Titileri, ndiye maman mukubwa wa chumba, mwembamba, asiyecheka, akaniangalia akasema: "Weka fagio. Nawa mpaka kiwiko. Shika hapa." Nikashika. Kesho yake nikashika tena. Nilijifunza kufunga mutoto kwenye kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi. Nilijifunza kumupa maziwa tone kwa tone na kikombe kidogo, na kuangalia midomo, maana mutoto mudogo akisahau kupumua hapigi kelele, anabadilika rangi tu. Walinipa blusi, koti jeupe la wauguzi. Wanafunzi wa staji walikuja na vitabu vyao, wakaniita enfirmye, yaani muuguzi; wamama wakasema munganga, ni ile ile; na mimi nikaitika. Kwa nini nisiitike? Wanafunzi walipoogopa kushika, walijifunzia kwangu.

Jambo moja sikumuambia mutu: sikujua kusoma, zile herufi chache za shule zilipotea chini ya muzigo. Namba ndiyo, mubeba muzigo asiyejua namba anaibiwa. Majina, hapana. Na kila mutoto kule anabandikwa sparadra, utepe wa gundi, kwenye muguu, juu yake jina la mama, kwa sababu yeye mwenyewe hana jina bado. Nilikuwa nikisema: "Macho yananiuma leo, nisomee." Mara nyingi hata sikuhitaji, maana nilikuwa na njia yangu. Koko, mama wa yule aliyezaa, anakata kikwembe kimoja, kitenge chenye picha zake: nusu mama anajifunga, nusu inafunika mutoto. Kwa hiyo nilikuwa na mutoto wa jogoo, mutoto wa mwavuli, mutoto wa macho mengi. Mama akiingia ninatazama kiuno chake, ninajua nimupe nani. Miaka kumi sikukosea hata mara moja. Hata mara moja.

Ndipo ikafika mwezi wa tatu wa mwaka 2012. Kila mutu hapa anajua tarehe nane: wanawake wote wa muji wanashona kikwembe kimoja cha siku ya wanawake, wa ofisi za Ibanda na wa sokoni sawasawa. Mwaka ule kilikuwa cha bluu, chenye mikono ya njano imeshikana. Na makoko wawili wasiojuana wakakata kila mumoja chake, wakaleta.

Mama wa kwanza alikuwa musichana wa Walungu, kule mashamba, uzazi wa kwanza, mutu wa kimya. Wa pili alikuwa muuza makayabo, samaki wa chumvi, wa Kadutu, uzazi wa ine, mudomo wake unasikika mpaka farmasi. Wote wawili walizaa wasichana, wadogo sawasawa, na wote wawili walijifunga bluu na njano.

Niliona hatari. Nikajiambia: nitashika mumoja mbele, mwengine nyuma, haitachanganyika. Asubuhi moja umeme ulikuwa umerudi, nikataka kuwapima wote mbele haujakatika tena. Nikawaweka mezani, chini ya taa ya joto, wa Walungu kushoto, wa Kadutu kuume. Nilikuwa nimeanza kuwafungua nikaona, kule karibu na mulango, mutoto mwengine midomo imekuwa kama majivu. Nikakimbia. Nikamupiga kwenye nyayo, nikamusugua mugongo, nikamuinua kidevu, mpaka akavuta pumzi na kulia. Nikamushukuru Mungu. Niliporudi mezani, stajieri mumoja alikuwa amewafunika vizuri wale wawili na kuwalaza pamoja kwenye kitanda kimoja, ili kuacha nafasi. Alitaka kusaidia tu, yule mwanafunzi.

Nikasimama. Bluu na njano, bluu na njano.

Nikafikiri: namba. Nikawapima. Jana mumoja alikuwa gramu 1720, mwengine 1750. Leo balansi ikasema 1750 na 1770. Sasa? Huyu wa 1750 ni yule wa jana amesimama pale pale, ao ni yule mudogo amepanda? Nikawapima tena. Ikasema vile vile. Sparadra zilikuwepo kwenye miguu, niliona vizuri, macho yangu hayana ubaya. Jina moja lilikuwa refu, jina moja fupi. Nikajiuliza: mutu wa kimya atakuwa na jina gani, refu ao fupi? Mimi mutu muzima nilisimama ninafikiri ujinga wa namna hiyo.

Stajieri alikuwa hatua tano tu kutoka kwangu. Sikumuita. Amekuita enfirmye asubuhi, utamuomba akusomee jina saa ine? Nikachagua. Nilichagua kwa sauti ya kilio, kwamba anayelia kwa nguvu ni wa Kadutu, mutoto wa mama yake. Wamama wakaingia, nikagawa.

Muuza makayabo akafungua kifua, mutoto akashika, akaanza kuvuta. Musichana wa Walungu akapokea wake, akamuangalia, akaendelea kumuangalia. Hakufungua kifua.

"Maman," akasema polepole, "huyu haiko wangu."

"Ni wako. Angalia kikwembe."

"Kikwembe ni changu. Mutoto haiko."

Muuza makayabo akacheka. "Weye muke wa Walungu, unaanza mapema! Mutoto wa siku kumi na mbili, unajua sura gani? Wote bado ni sura ya nyani!"

"Najua masikio," musichana akasema. Akamuonyesha mwenzake kwa kidevu. "Wangu ni ule iko nanyonya kwako."

Yule mwengine akainamisha kichwa, akaangalia kifuani kwake, kicheko kikaisha. "Eeh! Na mimi nilisema, leo huyu anavuta kama mutu anadai!" Kisha akapiga kelele ya kuita lopitali yote.

Titileri akafika. Hakuuliza mara mbili. Aliangalia watoto, akaangalia vikwembe, akaniangalia mimi. "Maman, soma sparadra."

Nikashika ule muguu mudogo. Ulikuwa na joto. Nikasema, "Macho yangu leo..."

"Macho yako yanaona mutoto akigeuka rangi kutoka ngambo ya chumba. Soma."

Wamama kumi na moja walikuwa mule ndani, na wastajieri.

"Sijui kusoma," nikasema.

"Yesu wangu!" muuza makayabo akapiga mapaja. "Kumbe tumeachia watoto mufagizi!"

Neno lile sikulijali. Nilibeba muchanga kupita sokoni, nimetukanwa na wenye kujua kutukana. Lakini musichana wa Walungu akaniangalia bila kasirani, akasema: "Mimi pia sijui kusoma, maman. Lakini mimi siko munganga."

Nikaachia ule muguu.

Titileri akasoma mwenyewe. Nilikuwa nimewabadilisha, wote wawili. Akawarudisha kwa mama zao, akafungua fishi za wamama, karatasi zao za matibabu, kuona kama damu zao hazina ugonjwa, kwa sababu mutoto mumoja alikuwa amenyonya kwa asiye mama yake. Zilikuwa safi. Kisha akanyoosha mukono, na mimi nikavua blusi nikamupa.

"Sikufukuzi," akasema. "Unarudi kwa fagio. Siku utanisomea sparadra kumi, utashika mutoto tena."

Sikuelewa. Kama nilikuwa mubaya, kwa nini hakunifukuza? Kama nilikuwa muzuri, kwa nini anivue mbele ya watu? Nilifagia colidoo ya nje ya chumba kile nikisikia watoto wakilia nyuma ya mulango, ninajua kwa kilio nani ana njaa na nani anasikia baridi, na siruhusiwi kuingia. Ndiyo, kwa kilio. Kwa nini basi asubuhi ile kilio kilinidanganya?

Nikaenda kwa masomo ya wamama kwenye parokia, muchana, kwenye mabenchi ya watoto, magoti yanagonga meza. Nilikuwa na miaka arobaini na tisa. Mwalimu alitufundisha baba, sahani, kuku. Mimi nilitaka majina ya Kishi, lugha ya watu wa kwetu, ambayo yanaanza na herufi mbili tatu zimeshikana, na yameandikwa na munganga mwenye haraka. Kila nilipofahamu herufi moja, ilibadilika sura kwenye mukono wa mutu mwengine. Nilimuuliza mwalimu: herufi ni moja ao ni nyingi? Akafikiri ninamuchokoza. Mvua zikapita, kiangazi kikapita, mvua zikarudi.

Siku moja nikamuambia titileri niko tayari. Akanipeleka kwenye kitanda cha kwanza. Nikasoma, kidole chini ya herufi. Cha pili. Cha tatu kilinichukua muda mpaka mutoto akakojoa. Kwenye cha tano nikageuka, nikaona titileri ameenda zake, yuko kule anaandika fishi. Nikabaki mwenyewe. Lakini alisema kumi, nikasoma kumi, kwa sauti, hakuna anayesikiliza isipokuwa watoto wenye ile miguu. Nikamufuata.

"Nimemaliza."

"Blusi iko mu armware," akasema bila kuinua kichwa, akionyesha kabati kwa kalamu.

Hakunipongeza, sikumushukuru. Alienda pansheni miaka mitatu baadaye, na sikuwahi kumuuliza kwa nini aliacha kusikiliza.

Leo nina miaka sitini na mbili. Wauguzi wapya wenye diploma ya taifa wananiita, "Maman, njoo utuonyeshe namna ya kufunga." Ninaonyesha. Siku inspekta anakuja, wale wale wananiambia, "Maman, kaa kidogo mu colidoo." Ninakaa. Wamama wananiita munganga, ofisi inaniita jina lingine, na mimi mwenyewe, mutu akiniuliza kazi yangu kwenye teksi, ninaanza kujibu ninasimama katikati. Lakini sparadra ninasoma. Kila mutoto, kila mara, hata kama kikwembe chake hakina mwenzake duniani.

Ninavyo: nyumba ya mbao ya vyumba vitatu, Kadutu, mabati mapya upande mumoja. Kitanda. Viti vine vya plastiki. Bido sita za plastiki, za kuchota maji. Watoto wane wazima, wajukuu tisa. Kuku watatu. Telefone ya kubonyeza. Saa ya mukono yenye sindano ya sekonde, ya kuhesabu pumzi. Blusi mbili, ya tatu imepasuka. Karatasi ya kazi yenye muhuri, imeandikwa "aide", ndiyo kusema musaidizi. Nimeisoma mwenyewe.