Sarafu Ambayo Letisia Hamwachii Mtu

Soko la Muyinga limechangamka. Letisia amechuchumaa kando ya rundo la mabomba, bawaba na vitasa vibovu. Anaokota kimoja, anakikwaruza kwa tupa, anachungulia rangi ya ndani. Hata ukimwapia kwamba ni shaba tupu, atakwaruza kwanza.

"Niliporudi kutoka Tanzania nilitapeliwa na kila mtu," anasema mnunuzi huyu wa vyuma chakavu. "Sasa naamini tupa tu."

Tupa hiyo hiyo ndiyo inayomtia wasiwasi leo.

Katika ndoo ya vyuma kutoka nyumba kuukuu iliyobomolewa, alikuta sarafu ya mwisho wa utawala wa Wabelgiji, imeandikwa "essai". Akaikwaruza ukingoni kama kawaida yake. Ilipomshinda kuielewa, akapanda basi hadi Gitega kwa Mansoor, mwenye duka la vifaa vya ujenzi ambaye Letisia humuuzia shaba.

Mansoor aliitazama, akamvutia kiti, akaagiza chai. Hapo machale yakamcheza Letisia.

"Miaka yote hajanikaribisha hata maji," anasema. "Leo chai ya maziwa na sambusa? Nikajua pana jambo."

Dukani kwake, Mansoor anacheka kwa uchungu kidogo. "Ile neno 'essai' ni kusema iko ya majaribio. Walitengeneza kidogo tu, ya kuonyesha, haikuingia sokoni. Mais, lakini yeye alikwaruza! Wenye kukusanya hawapendi ile. Nikamwambia, mama, uniachie, mi nitaonyesha mtu anajua, kule Bujumbura. Akakataa."

Letisia aliifunga kwenye pindo la kitenge na kuondoka. Kwake, mkwaruzo ni kisingizio cha kushusha bei. Lakini ndani ya basi roho ilimuuma: na kama ni kweli, amejiharibia mwenyewe.

Akiiuza, anachotaka ni kibanda chenye mlango wa kufunga. Kwa sasa hubeba vyuma vyote nyumbani kila jioni, maana akiviacha vinaibwa, na mgongo umechoka.

Hatimaye yeye na Mansoor wamekubaliana kwenda Bujumbura pamoja, kila mtu na nauli yake.

"Huyo mjuzi ataitazama ikiwa mkononi mwangu," anasema Letisia.

Na akisema imeharibika?

"Nitatafuta wa pili, asiyejuana na Mansoor." Anafuta vumbi usoni. "Naye akisema hivyo hivyo, nitalia nikitosheka, kisha nirudi hapa nibebe vyuma vyangu."