Kesi ya Beki Namba Tano

Kwa kinyozi wetu, karibu na stendi ya Kisumu, sheria ilikuwa moja: kama hukuingia uwanjani Jumapili, Jumatatu hufungui mdomo. Kinyozi, mtu wa Nyeri aliyezoea kelele zetu kuliko sisi wenyewe, alikagua tiketi yako kabla ya kukuruhusu kuchambua mechi. Waliosikiliza redioni walinyolewa kimya kimya.

Mimi nilikuwa mchambuzi mkuu. Hakuna aliyenipa cheo hicho. Nilijipa kwa sauti. Msimu ule ulipoisha nilikuwa nimemkalia kooni beki wetu namba tano, mtu wa miaka thelathini na nne anayecheza na bandeji magoti yote mawili. Mkataba wake ulikuwa umefika mwisho, na katibu wa timu, ambaye ndiye angeamua, alikuwa kitini akinyolewa ndevu. Nikaona nafasi yangu ndiyo hii.

"Huyo mzee amekwisha," nikasema. "Goli mbili za jana zote zimepita upande yake. Aambiwe asante, arudi kwao Asembo akalime."

Watu wakacheka. Mlangoni alikuwa amesimama mama anayetuuzia samaki wa kukaanga, akiwafunga kwenye gazeti.

"Naweza ongea?" akauliza.

"Mama, tiketi," nikamwambia, nikijua nimemmaliza.

Akafungua fundo la leso, akatoa tiketi ya jana, na chini yake za mechi zote za nyumbani. Kinyozi akazipitia moja moja, kisha akazima mashine ili mama asikike vizuri.

"Goli ya kwanza, beki ya kushoto alipanda, hakurudi," mama akasema. "Namba tano akabaki na watu wawili. Akakaba yule hatari, yule mwingine akafunga. Ya pili ni hivyo hivyo. Wewe Bwana unatazama mpira. Mimi natazama yule hana mpira. Huyo mzee hakimbii maana huwa ashafika."

Nimesikia watu wengi wakichambua mpira, wengine kwa kulipwa, lakini sijasikia aliyeusoma hivyo. Kusema kweli nilimkasirikia, kwa sababu nilimwelewa.

Katibu akageuza shingo, ndevu zikiwa zimenyolewa nusu. "Bwana mchambuzi, wewe uliona hiyo?"

Ningeweza kubisha. Sauti nilikuwa nayo, na nusu ya duka ilikuwa upande wangu. Lakini riziki ya mtu ilikuwa inangoja jibu langu, na huyo mtu hakuwepo kujitetea.

"Sikuona," nikasema. "Goli ya kwanza nilikuwa nimegeuka kununua njugu. Ya pili nilikuwa nafuata mpira tu. Mama amesema ukweli."

Walinicheka wiki nzima, na nilistahili.

Namba tano aliongezewa mwaka mmoja. Mechi ya kwanza ya msimu mpya ilichezwa mvua ikiwa imegeuza uwanja kuwa matope, nami nikamtazama yeye peke yake tangu mwanzo hadi mwisho, mpira nikauacha uende unakotaka. Aliugusa mara chache sana. Alinyoosha kidole, akamwita huyu, akamsogeza yule hatua mbili, akasimama mahali ambapo kwa muda hapakuwa na kitu, kisha pakawa na kitu. Filimbi ya mwisho ilipolia, kipa wetu alitoka uwanjani na jezi safi.