Sahihi ya Mama Mdogo

Tangu aanze mazoezi ya uwakili katika ofisi ya wosia na mirathi, Kiguu na Njia alikuwa hakaliki. Jina hilo alipewa na baba yake, fundi saa mstaafu, maana binti huyo hata chai aliinywa akizunguka meza. Kila aliyekutana naye alimuuliza kama ameandika wosia, mpaka majirani wakawa wanavuka barabara wakimwona. Baba mwenyewe aliona ni uchuro mtupu.

"Unanizika ningali nahema?"

Lakini moyo ulipomsumbua, mzee alimwita chumbani, akafunga mlango.

"Andika. Nyumba hii namwachia mama yako mdogo. Nyie watoto mna mikono, mtajijengea. Ila asijue. Akijua tu, kesho anabadilisha mapazia yote."

Binti akaandika upesi upesi, mzee asije akaghairi. Mashahidi walitakiwa wawili. Jirani mshonaji alikuwepo. Wa pili hakuonekana. Akachungulia jikoni.

"Mama mdogo, njoo utie sahihi."

Maandishi akayafunika kwa gazeti, kama alivyofundishwa. Mama mdogo, mke wa pili wa baba, aliyemlea binti tangu mama yake mzazi afariki, akafuta mikono, akasaini taratibu kwa madaha. Alifurahi kwamba na yeye kaitwa kwenye jambo la nyumba ile.

Kesho yake ofisini, wakili mkuu alikuwa akipitia wosia wa mtu mwingine. Akasema bila kuinua macho, "Huyu naye kamfanya mrithi kuwa shahidi. Mrithi huyo mahakamani hapati kitu."

Sheria hiyo binti aliijua. Aliijibu kwenye mtihani. Haraka haraka haina baraka, na yeye hakuwa na mwendo mwingine.

Alirudi nyumbani mbio. Baba akagoma.

"Nimeshasaini. Mtu hafi mara mbili."

Alimbembeleza mpaka akakubali. Mshonaji akaitwa tena, na mwenye duka pia. Mama mdogo akaja bila kuitwa, kalamu yake mkononi.

"Wewe mama ukae nje," binti akasema.

"Jana nilifaa."

"Leo hufai."

Aliona aibu neno lilipomtoka, lakini angeeleza nini? Akitoa sababu, ametoa siri ya baba. Mama mdogo aliitazama karatasi yenye sahihi yake ikichanwa, akatoka, akaurudishia mlango polepole.

Shughuli ilipokwisha, binti alimfuata jikoni. Alimkuta akitenga masufuria: upande huu yale aliyokuja nayo alipoolewa, upande ule ya marehemu mama wa binti.

"Mama, unafanya nini?"

"Natenga vyangu, wakili. Siku ikifika nisisumbue mtu."

Miaka yote ya kumlea, mama mdogo alikuwa akimwita mwanangu. Binti alitamani kulia. Akachukua sufuria moja ya mama mdogo, akairudisha kati ya yale ya marehemu.

Mama mdogo akaitoa tena.